Kichwa cha Jino Hakipakwi Rangi

Siku ya kuniaga walisema mengi. Mkuu wa kituo alisema nimeilinda nchi kwa moyo wangu wote. Kwa kweli nililinda stoo yenye mlango mmoja wa chuma, makabati manne ya bunduki na makopo ya mafuta, na nchi haikuwahi kuingia humo hata siku moja. Mwingine akasema nilikuwa baba kwa vijana. Huyo nilimfukuza stoo mara mbili kwa kuniletea bastola iliyojaa makombo ya mandazi. Mwishowe nikapewa blanketi zito, kwa sababu Makindu, ambako hata mijusi hutafuta kivuli, kuna baridi kali, kama mnavyojua.

Baada ya soda, makonstebo wawili walinivuta kando. Fundi mpya wa silaha ametoka chuoni na cheti kikubwa, wakasema, lakini hajui kazi ile ndogo ya kupaka rangi jino la bastola. Wakaniomba niwaandikie. Basi naandika. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini akasome faili langu, kama panya wamebakisha kitu.

Niliingia stoo ya silaha Kitui mjini mwishoni mwa miaka ya sitini. Sikuchaguliwa kwa kipaji. Nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, na kwa sababu kwenye gwaride nilikuwa namkanyaga aliye mbele yangu. Mkubwa wa stoo alikuwa Koplo Mulwa, mtu wa Kalamba, fundi wa silaha tangu enzi za mkoloni. Meno yake ya mbele yalichongwa ujanani, kama ilivyokuwa desturi ya Wakamba wa rika lake, na kati ya yale mawili ya juu palikuwa na pengo la kupitisha njiti. Najua upana wake kwa sababu salamu yake ya kwanza kwangu ilikuwa kuchukua njiti ya kiberiti, kuisimamisha kwenye lile pengo, na kunifungulia mdomo mbele ya uso. Kisha akaitoa ili apate kusema.

"Umeona nini?"

"Njiti, Koplo."

"Aiee. Umeona jino na pengo. Hiyo ndio kazi yako mpaka ukufe."

Hayo ndiyo mafunzo niliyopata, na hayakuwa na cheti. Bastola ina vitu viwili vya kulengea. Mbele, karibu na mdomo wa mtutu, kuna kibati kidogo kilichosimama. Hicho tulikiita jino. Nyuma, karibu na jicho lako, kuna mkato, na huo ndio pengo. Unaliweka jino katikati ya pengo, kichwa cha jino kikiwa sawa na kingo za pengo, halafu unafyatua taratibu. Shida ni kwamba waliotengeneza bastola walipaka kila kitu rangi nyeusi, nadhani kwa ajili ya wezi wanaovaa mashati meupe tu. Mwizi wetu wa ng'ombe huvaa koti jeusi na husimama kwenye kivuli. Ukimlengea, jino linapotea, na unabaki unamtisha kwa mlio.

Kwa hiyo Mulwa alikuwa na kikopo cha rangi nyeupe ya baiskeli, kidogo kuliko kikopo cha dawa ya viatu. Kwanza unaosha jino kwa petroli au spiriti, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta, hata ukiiombea. Unangoja likauke. Unachonga njiti ya kiberiti mpaka ncha iwe nyembamba, unaichovya, unaipangusa, halafu unapaka ule uso wa jino unaomtazama mpigaji. Mara moja tu. Pengo unaliacha jeusi, la sivyo kila kitu kitang'aa na mtu hatajua alenge kwa kipi. Halafu unaiacha bastola hadi kesho yake na unamkataza mwenyewe kuigusa, na huo ndio upande mgumu wa kazi.

Kulikuwa na sharti moja zaidi. Njiti ilipokaribia ncha ya juu ya jino, Mulwa alinishika mkono.

"Kichwa usiguse. Kichwa ni ya aimu."

Aimu ni mizimu, wale wafu ambao babu zetu waliwamwagia pombe kabla ya kunywa wenyewe. Mimi nilikuwa nimeokoka mwaka uliotangulia, kwenye mkutano wa hadhara sokoni, na kama kila aliyeokoka juzi, nilikuwa namwona shetani hata kwenye kopo la chumvi. Maneno ya Mulwa yalinichoma. Ni vipi mali ya serikali iwe na sehemu ya mizimu? Lakini alikuwa koplo na mimi si kitu, kwa hiyo kwa miaka minane nilipaka uso wa jino na kuacha kichwa. Sikumuuliza sababu hata mara moja. Niliona kuuliza ni sawa na kuamini.

Mulwa alipostaafu na kurudi Kalamba, nilihamishiwa kituo kimoja kaskazini, kwenye barabara ya Garissa, mbele ya Mwingi. Sitakitaja, kwa sababu waliopo huko leo hawana kosa. Huko ndiko nilikomkuta Konstebo Abdi. Watu wa kwao walikuwa wafanyabiashara wa mifugo Mwingi, na yeye aliingia kazi ya askari kinyume cha matakwa ya baba yake. Alikuwa mpole, msafi, na kwa bastola sijaona wa kumfikia. Wenzake walipiga hewa, na hewa haikulalamika. Abdi alipiga tundu moja, halafu akalipanua.

Sasa ikaja habari kwamba mkubwa kutoka makao makuu atatutembelea. Mnajua kinachofuata. Serikali yetu haiwezi kumpokea mgeni bila kwanza kupaka mawe chokaa. Mkuu wa kituo, Inspekta Ndunda, alitoa amri kwamba kila kitu kinachopakika kipakwe. Mawe ya njiani yalipakwa, na mashina ya miti yakapakwa hadi kiunoni. Mbuzi wa mpishi aliponea chupuchupu. Siku mbili kabla ya ugeni Inspekta akafika stoo na mikono yake nyuma.

"Na hapa? Hapa mmepaka nini?"

Nikamwonyesha jino jeupe kwenye bastola moja. Alifurahi sana, hakuwa amejua kwamba hata silaha inaweza kupakwa.

"Paka zote, Kyalo. Paka mpaka mkubwa aone akiwa kwa gari."

Kikopo changu cha baiskeli kilikuwa kimekauka. Inspekta akaniletea nusu debe ya rangi kutoka kambi ya watengeneza barabara, ile wanayopaka vichwa vya kalvati, yale mabomba ya maji yapitayo chini ya barabara. Ilikuwa nzito kama uji wa wagonjwa. Njiti haikuibeba, nikatumia brashi. Nilipaka mkono wa kwanza, ukakauka vibaya, nikapaka wa pili, nikaongeza wa tatu ili ing'ae. Na brashi ilipofika kileleni nikakumbuka aimu. Nilikuwa peke yangu stoo, bila koplo wa kunishika mkono. Nikasema kwa sauti, "Kwa jina la Yesu," nikapaka kichwa. Nikapaka vichwa vya bastola zote, na nikajisikia vizuri kama mtu aliyebomoa madhabahu.

Mkubwa alifika. Aliyasifu mawe. Akaja stoo akayaona meno meupe yamepangwa kwenye meza, akaniuliza jina langu, akaandika kwenye daftari lake kwamba kituo hiki kina ubunifu. Halafu akataka kuyaona yakifanya kazi, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, kwa kuwa ukaguzi wetu huwa hauendi mbali hivyo.

Renji yetu ya kulenga shabaha ilikuwa kando ya mto mkavu nyuma ya kituo. Tulisimamisha watu wa karatasi, wale wanaoishia kwenye mkanda. Askari wakapiga, na risasi zikatawanyika kama kawaida, nyingine kwa karatasi, nyingine kwa Kitui kwa jumla. Mkubwa hakushangaa. Akaja Abdi. Alipiga tano bila haraka. Tulipoisogelea karatasi, matundu yote matano yalikuwa mahali pamoja, ungeweza kuyafunika kwa kikombe cha chai. Lakini hayakuwa kifuani. Yalikuwa chini kabisa, kwenye mkanda. Akaambiwa arudie. Akarudia, na matano mengine yakaenda kulala na wenzao.

"Huyu anajua kupiga," mkubwa alisema. "Anakataa tu. Konstebo, wewe unanionyesha nini?"

"Afande, mimi nimelenga kifua."

"Kifua iko kwa mkanda?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo silisahau. Mkubwa hakucheka. Alisema askari asiyejua anafundishwa, ila anayejua na kumfanyia mkubwa mzaha mbele ya watu hafai kuvaa nguo za serikali. Abdi akanyang'anywa bastola papo hapo. Kikao cha nidhamu kikapangwa baada ya wiki mbili, na kila mtu alijua kitamalizika vipi, kwa sababu karani alikuwa ameshaulizwa fomu za kufukuzia ziko wapi. Wale waliopiga Kitui kwa jumla hawakuitwa popote.

Siku iliyofuata mama yake alikuja kutoka Mwingi. Hakuruhusiwa kuingia. Alikaa kwenye jiwe moja jeupe langoni kutoka asubuhi hadi jua lilipogeuka, akimngoja Inspekta ambaye alipitia mlango wa nyuma. Aliposimama kwenda zake, chokaa ilikuwa imeshika mtandio wake wote upande mmoja, na hakuna aliyemwambia. Nilimwona kutoka dirisha la stoo nikiwa na bastola ya mwanawe mezani.

Nawaambieni nilichowaza, ingawa ni aibu. Sikuwaza rangi. Niliwaza aimu. Nilikuwa nimegusa kichwa chao kwa dharau, na wao, badala ya kunishika mimi, wamemshika mtu mzuri kuliko wote kituoni. Nilifunga na kuomba siku mbili. Siku ya tatu mimi, mzee wa kanisa mtarajiwa, nikaomba ruhusa na kwenda Kalamba kumuuliza Mulwa mizimu inataka nini.

Nilimkuta anapepeta ndengu uani na mke wake. Nilimweleza yote, karatasi, mkanda, kikao. Alisikiliza bila kuacha ungo.

"Umepaka kichwa," akasema.

"Nimepaka, Koplo."

"Na rangi gani?"

"Ya kalvati. Mikono mitatu."

Ungo ukamtoka. Alicheka mpaka akakalia ndengu, na mkewe akamgombeza kwa Kikamba kwa muda mrefu. Kisha akaniomba kiberiti. Akachukua njiti, akaisimamisha kwenye lile pengo lake kama siku ile ya kwanza, akaisukuma juu kidogo kwa kidole, halafu akaitoa.

"Jino ikikua ndefu, na wewe unataka kichwa yake ilingane na pengo, utafanya nini?"

Nikafikiri. "Nitainamisha mdomo wa bastola."

"Ĩĩ. Na risasi itaenda wapi?"

"Chini."

"Sasa aimu wako wapi hapo?"

Nilikaa chini. Miaka minane, na lilikuwa jambo ambalo mtoto wa shule angelielewa kwa rula. Kichwa cha jino ndicho kipimo. Ukiongeza rangi juu yake, hata unene wa ganda la maharagwe, risasi inashuka kiganja kizima kufika kwenye karatasi. Bastola zote za kituo zilikuwa zinapiga chini. Wengine hawakuonyesha tofauti kwa sababu risasi zao hazikuwa na anwani. Abdi peke yake alipiga sawasawa kiasi cha kuonekana ana kosa.

"Kwa nini hukuniambia ni kipimo?" nilimuuliza, na nilikuwa na hasira.

"Ningekuambia ni kipimo, ungesahau kabla ya lunch. Nimekuambia ni ya aimu, na umekumbuka eight years. Shida ni hao watu yako ya kanisa, walikutoa uoga." Akaokota ungo wake. "Na leo umekuja kwangu kwa ajili ya bastola, ama kwa ajili ya aimu?"

 Mkewe alinipa uji, nikaunywa nimesimama.

Nilirudi nikaenda moja kwa moja kwa Inspekta Ndunda. Nilidhani atafurahi kujua kwamba konstebo wake si mkaidi. Alifunga mlango.

"Mkubwa amesifu hiyo rangi. Iko kwa ripoti. Unataka nimwambie amesifu makosa?"

"Nataka Abdi asifukuzwe, afande."

"Kyalo, wewe ni fundi. Rudi stoo."

Nikarudi stoo. Sikulala vizuri siku zile, na sisemi hivyo ili mnihurumie, kwa sababu Abdi hakulala kabisa. Siku ya kikao niliiweka bastola yake ndani ya boksi lake, nikatia wembe mfukoni, nikaingia bila kuitwa. Walikuwa wakubwa watatu nyuma ya meza, na Abdi amesimama bila mkanda wala kofia. Nikasema kosa ni langu. Walitaka kujua kosa gani, nikawaeleza kila kitu, hata aimu, hata kwa jina la Yesu. Hapo walicheka, na kicheko ndicho kilichoniokoa nisitolewe nje. Nikaomba turudi renji, risasi tano tu.

Pale renji, mbele yao, nilikwangua kichwa cha jino kwa wembe mpaka chuma kikaonekana. Nilijikata kidole, nikaendelea kukwangua. Nikampa Abdi bastola. Tangu siku ya mkubwa hakuwa amenitazama, na sasa alinitazama. Kisha akageuka, akapiga tano, bila haraka. Kikombe kile kile cha chai, kifuani.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Hamjui ofisi. Wakubwa watatu walikuwa wameona kwa macho yao, lakini ripoti ilikuwa imeshasifu rangi, na ripoti ikishatumwa haikosei. Kwa hiyo ilitafutwa sababu isiyomkosea mtu mkubwa. Wakaandika kwamba konstebo alikuwa na tatizo la macho kwa muda mfupi, na sasa amepona. Abdi akatia sahihi ili abaki kazini. Mimi nikatia sahihi kama shahidi wa ugonjwa wa macho ambayo yalikuwa mazima kuliko ya wote waliokuwa mezani. Mwezi uliofuata nikahamishiwa Makindu kwa manufaa ya kazi, maneno ambayo yana maana ile mnayoijua.

Abdi alibaki kazini. Lakini yale macho yaliyoandikwa hayakupona kamwe. Kila mwaka walipochagua askari wa mashindano ya kulenga shabaha, jina lake lilitajwa kwanza, mtu akafungua faili, likafutwa. Aliyekuwa bora kuliko wote hakwenda hata mara moja. Niliandika barua tatu nikieleza ukweli. Nilijibiwa moja, ikisema barua yangu imepokelewa. Katika kazi yangu yote hilo ndilo linaloniuma, na halijapungua.

Makindu niliendelea na kazi kwa uangalifu wa mtu aliyeungua. Rangi ya baiskeli ilipoadimika niligundua rangi ya kucha. Ni nyepesi, inakauka haraka, na ina brashi yake ndogo. Unapaka nyeupe kwanza, na juu yake nyekundu ya kung'aa, na hata askari mwenye macho ya uzee analiona jino lake. Shida yake ni kuinunua. Wa kwanza kuniona dukani nikilinganisha nyekundu mbili kwenye ukucha wangu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu. Nilipofika nyumbani, mke wangu Mwikali alikuwa ameshasimama mlangoni na swali. Nilimpeleka hadi stoo akaone jino, na mpaka leo hajasema ameamini.

Na makonstebo wapya walipokuja kujifunza, niliwaambia yote haya niliyowaandikia, kuosha, kukausha, mara moja tu. Walipofika kichwani niliwaeleza habari ya kipimo, kwa rula na kwa mchoro ubaoni. Wiki iliyofuata walikuwa wamepaka kichwa. Baada ya kundi la tatu niliacha rula. Nikawashika mkono nikawaambia ni ya aimu, na hakuna aliyekigusa tena.

Miaka yangu mitano ya mwisho Abdi alihamishiwa Makindu, sasa sajini mwenye mvi. Kila asubuhi alichukua bastola yake dirishani kwangu, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kichwa cha jino, akatia sahihi, akaenda. Habari ya renji hakuitaja hata siku moja. Ule ukucha ulitosha.

Siku ya kuniaga, wote walipomaliza kunisifu kwa nisiyoyafanya, yeye akaomba nafasi.

"Mimi sina mengi," akasema. "Nataka kuuliza Fundi swali moja mbele ya watu. Kichwa ni ya nani?"

Mchungaji wangu alikuwa mstari wa mbele na soda mkononi, Mwikali kando yake. Mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa kumi na mbili. Nikasimama na blanketi langu.

"Ya aimu," nikasema.

Abdi alicheka. Alicheka hadi akajishika kwa meza, na nilipomsogelea akanikumbatia na blanketi na vyote, na nikalia mbele ya askari ambao wanasema nililinda nchi.

Mchungaji ameniita ofisini kwake Jumanne. Nitaenda. Uzee umenitoa jino moja la mbele, kwa hiyo pengo ninalo, na njiti ya kiberiti nimeshaiweka mfukoni.